Mtu Hatari Karibu

Sauti ya Mpangaji ilikuwa nyororo kupita kiasi, na hilo ndilo lililomkera Genofeva kuliko yote. Ingekuwa sauti ya karani aliyechoka, ya mtu anayewaza chakula cha mchana, angeweza kugombana nayo. Lakini utagombanaje na ukuta unaokuita mpendwa?

"Mpendwa Genofeva Kikoti," ukuta ulisema, "jambo kuu kwa kaya yenu katika kuchagua makazi mapya limepatikana. Jambo hilo ni umbali."

"Umbali na nini?"

"Umbali na Saveri Gama."

Mama yake, Bi Leokadia, alikuwa anasinzia pembeni, mkoba umekaa mapajani. Aliposikia jina hilo alifungua jicho moja. "Kafanya nini tena huyo mtumwa wangu?"

"Hajafanya kitu, Mama. Ngoja kwanza."

"Kama hajafanya kitu basi anaumwa. Mpelekeeni uji."

Genofeva alimgeukia Bwana Malekela, afisa makazi, aliyeketi chini ya ukuta ule akijifanya anasoma. Huyu alikuwa binadamu, angalau. Alikuwa na jasho shingoni na kola iliyochakaa.

"Bwana Malekela, mashine yenu imekosea."

"Haikosei, dada," alisema Malekela kwa sauti ya mtu aliyelisema neno hilo tangu alfajiri. "Inapima."

Na kupima ilikuwa imepima kweli. Bonde la Mkasu lilikuwa limeshindikana. Maji yaliingia majumbani bila hodi, na msimu yasipoingia lilikuja joto la kuua kuku bandani. Watu wote walitakiwa kupanda kwenda Mji wa Juu, begani mwa mlima. Waliotangulia waligawiwa nyumba kwa bahati nasibu, na ikawa balaa: wengine walichomeana milango, wengine wakajifia taratibu kwa upweke huku majirani wakidhani wamesafiri. Ndipo wataalamu wakamleta Mpangaji. Walisema binadamu hajui anachotaka kwenye nyumba. Ukimuuliza atakwambia madirisha makubwa na sebule ya vigae, na miezi michache baadaye amekonda. Damu yake ndiyo inayojua. Basi kila mtu wa bondeni akavishwa kikuku mkononi, kikasikiliza damu, jasho na sauti yake msimu mzima, kisha Mpangaji akaamua nani akae wapi, karibu na nani, mbali na nani. Wenyeji wa Mkasu walicheka sana kusikia jina hilo. Walisema hatimaye serikali imemfanya mpangaji kuwa mwenye nyumba.

Genofeva hakuwa amecheka. Yeye alikuwa fundi wa pampu za maji, mtu wa vipimo, na alikivaa kikuku kwa moyo mmoja akamvisha na mama yake. Hakujua tu kwamba kila Mzee Gama akipita uani, vikuku vyote viwili vingetetemeka na kutangaza, "Mtu hatari karibu."

"Mtajwa," Mpangaji aliendelea kwa upole, "amemuuliza mhusika, yaani mama yako, mara nyingi atakufa lini ili arithi kiti chake. Amesema sura ya mhusika inafukuza ndege shambani kuliko sanamu. Kila anapofika hufunga mbwa wake kwa mnyororo, akitangaza kwamba Wahehe wako jikoni na watamla. Hii imewekwa katika kundi la tuhuma za wizi wa mifugo."

Bi Leokadia sasa alikuwa macho mawili. "Na mimi nilimjibu nini? Sema na nilivyomjibu!"

"Mhusika alijibu kwamba Wangoni walitoka kusini kwa miguu bila hata sufuria, na wangekufa njaa kama wasingewakuta Wahehe."

"Ehee!" Bi Leokadia alipiga paja. "Hiyo aliimeza akakaa nayo mpaka jioni."

"Huo ni utani!" Genofeva alisema, na akasikia sauti yake imepanda. "Yeye Mngoni, sisi Wahehe. Ni watani tangu babu zetu walipochoka kupigana. Hata mtoto mchanga analijua hilo."

"Utani ni mzaha," ilijibu mashine. "Mzaha hupandisha mapigo ya moyo, kisha yanashuka. Mapigo ya mama yako hupanda mtajwa anapofika na hubaki juu mpaka aondoke. Siku nyingine hupanda kabla hajafika. Mpendwa, huo ni mwenendo wa hofu. Na moyo wa mama yako hauwezi hofu."

Juu ya moyo mashine ilikuwa inasema kweli. Daktari alishamwambia. Bi Leokadia alikuwa ameshaanguka: mara moja kisimani, mara moja kanisani wakati wa sadaka.

Malekela alieleza kwa kidole kwenye ramani. Kaya ya Kikoti imepewa mnara wa saba, Mtaa wa Utulivu. Kuta za huko zinasikia moyo wa aliye ndani, na muuguzi anagonga mlango kabla mtu hajaanguka. Mzee Gama yeye alikataa kikuku. Alisema pingu haivaliwi bila kosa. Waliokataa walipelekwa bega la pili la mlima, Upande wa Kivuli, kwenye nyumba za matofali za kawaida, zenye kuta viziwi. Kutoka kule hadi Utulivu ni safari ya kutwa kwa mtu mwenye magoti ya uzee.

"Basi nipelekeni Kivuli," alisema Bi Leokadia.

"Mama!"

"Hairuhusiwi," alisema Malekela, "labda mlezi wake abebe jukumu mwenyewe." Alimtazama Genofeva kwa huruma kidogo, kisha akashusha sauti kana kwamba ukuta haukuwa unasikia. "Lakini jirani na nyumba mliyopewa kuna nyingine tupu. Huyo mzee akikubali kupimwa, akakaa na mama yako chumba cha vipimo, na moyo wa mama ukatulia, Mpangaji atampangia hapo hapo. Ila watulie. Nimesema watulie."

*

Mzee Saveri Gama alikuwa uani kwake akifunga magodoro kwa kamba. Alikuwa dereva wa treni zamani, na bado alifanya kila kitu kana kwamba nyuma yake kuna mabehewa. Mbwa wake, aliyeitwa Diwani kwa sababu alikula tu na kulala, alinyanyua kichwa.

"Diwani, kimbia! Mtoto wa Leokadia huyo, atakuwa ametumwa kitoweo!"

"Shikamoo, Mzee Gama. Leo sina nafasi ya hayo."

"Marahaba. Hujawahi kuwa nayo. Wewe ndiye Mhehe wa kwanza kuzaliwa bila mdomo."

Kikuku kilitetemeka. Mtu hatari karibu. Genofeva alikifunika kwa kiganja, akameza hasira, akamweleza yote: nyumba, kuta zenye masikio, chumba cha vipimo, moyo. Alieleza kwa mpangilio mzuri kama anavyowaeleza wateja kwa nini pampu imeungua. Mwisho akasema, "Ninachoomba ni kidogo sana. Ukae naye asubuhi moja tu, kwa adabu."

"Adabu." Mzee aliiachia kamba. "Kwa Mhehe."

"Asubuhi moja."

"Unajua unaniomba nini, binti?"

"Nakuomba umsalimie mama yangu kama watu wengine wote wanavyomsalimia. Ni jambo gumu?" Alikuwa ameshachoka. Alichoka na ukuta unaomwita mpendwa, alichoka na wazee wawili walioshindwa kukaa kimya hata kwa ajili ya uhai wao wenyewe. "Mashine inadhani unamuua!"

Mzee Gama alimgeukia. "Moyo wake kweli umeharibika kiasi hicho?"

Aliuliza bila mzaha hata kidogo. Genofeva alitambua kwamba maisha yake yote hajawahi kuisikia sauti hiyo, na haikumpendeza.

"Kiasi hicho," alisema.

"Basi nitavaa koti," alisema mzee, akarudi kufunga godoro lake.

*

Alivaa koti kweli, na shati amelifunga vifungo mpaka kooni. Nywele alikuwa amezichana kwa maji. Chumba cha vipimo kilikuwa na viti viwili vinavyotazamana na mstari wa kijani ukutani, uliopanda na kushuka kufuata moyo wa Bi Leokadia. Genofeva na Malekela walisimama nyuma ya kioo, vipaza sauti vikiwa wazi.

Bi Leokadia alikuwa tayari amekunja mdomo, mwenye jambo la kusema. Alikuwa amelitunga tangu alfajiri. Genofeva alimsikia akilicheka peke yake wakati anaoga.

"Kamwene, Bi Leokadia," alisema Mzee Gama, kwa salamu ya Kihehe. "Umeamkaje?"

Mdomo wa Bi Leokadia ulikunjuka. "Nimeamka," alisema polepole.

"Nashukuru kusikia hivyo. Umependeza na khanga yako."

Mstari wa kijani ulipanda. Malekela alikuna shingo.

"Saveri," alisema Bi Leokadia, "una nini?"

"Sina neno. Nilitaka tu kusema kwamba umekuwa jirani mwema kwangu, miaka hii yote. Kama nimewahi kukukosea, naomba unisamehe."

Genofeva alifumba macho. Hakumwambia mzee aseme hayo! Alimwambia adabu, na mzee, masikini, kwa kutokuwa na mazoea nayo, alikwenda kuiazima mahali pekee alipowahi kuiona, kando ya kitanda cha mtu anayekata roho.

Mstari ulipanda mpaka juu kabisa ukawa mwekundu.

"Geno!" Bi Leokadia alisimama akishika kifua. "Geno, mmenificha nini? Daktari kasema nini? Saveri, unakufa wewe au nakufa mimi? Niambieni!"

"Kaa, Bi Leokadia, tafadhali," alisema Mzee Gama kwa adabu ile ile ya kutisha.

"Tafadhali! Mungu wangu, kasema tafadhali!"

Genofeva alifika mlangoni mbio, lakini mzee alikuwa amemtangulia. Alifungua vifungo vya shati kwa nguvu, akapaza sauti iliyozoea kushinda injini: "Keti chini, bibi wewe! Hata kufa hujui! Unataka kufa mbele ya kioo, watu wakuangalie kama samaki wa hotelini? Na hiyo khanga umependeza wapi, pazia lina nafuu!"

Bi Leokadia alimkodolea macho. Kisha akakaa. Pumzi ikamrudia, ikaja na kicheko, na kicheko kikamfanya alie kidogo. "Mshenzi mkubwa we," alisema. "Umenitisha. Nilishaanza kusali."

"Ulikuwa unakosea maneno, nilikuwa nakusikia."

Mstari ulishuka ukatoka kwenye wekundu, ukakaa pale ulipokuwa ukikaa kila siku mzee huyu akiwepo, juu kidogo ya kiwango. Genofeva aliuonyesha kwa kidole. "Umeona? Mapigo yameshuka! Amemtukana, yameshuka!"

"Kipimo kimethibitisha," ulisema ukuta kwa upendo mwingi. "Mapigo yamevuka kiwango wakati wote mtajwa alipokuwepo. Jambo kuu linabaki kuwa umbali."

Genofeva angekuwa na spana mkononi siku hiyo, tungekuwa tunasimulia habari nyingine.

*

Nje ya ofisi kulikuwa na benchi la saruji. Mzee Gama alikwenda kumfungua Diwani, na mama na binti wakakaa wakisubiri. Bi Leokadia alimenya chungwa kwa ukucha, bila haraka, kama mtu aliyetoka sokoni.

"Umefurahi?" alisema Genofeva. "Umefurahi sasa? Mtu anapewa nyumba ya kumlinda, nyumba ambayo wengine wanaililia, na yeye anataka kwenda kuishi na matofali kwa sababu ya mzee mmoja asiyejua kusalimia."

"Kula chungwa."

"Sitaki chungwa! Nataka uniambie, Mama. Sasa hivi, kwa mdomo wako, siyo kikuku. Kitu gani ni kikubwa kwako kuliko uhai?"

Bi Leokadia alitema mbegu. "Siku tulipomzika baba yako unaikumbuka?"

Aliikumbuka. Padri alikuwa amemaliza, jeneza limesogezwa, na Mzee Gama, kama watani wafanyavyo msibani, akaruka ndani ya kaburi na viatu vyake, akalala chali, akasema kaburi ni zuri mno kwa Mhehe, hatoki mpaka apewe jogoo. Genofeva alikuwa binti mdogo, na aliona aibu mpaka akatamani ardhi immeze yeye. Ndugu walibembeleza. Mzee akataka jogoo mwekundu, siyo mweupe. Na katikati ya vurugu hiyo mama yake, ambaye tangu msiba uanze hakuwa amekula wala kulia, alianza kucheka, akacheka mpaka machozi yakapata njia.

"Siku ile na mimi nilikuwa nimeshakwenda," alisema Bi Leokadia. "Yule ndiye alinivuta shati. Sasa hizo kuta zenu zitanizuia nisife, sawa, nimekubali, zina masikio mazuri. Lakini mwisho nitakufa tu, Geno. Ukuta utaruka kaburini?"

"Kwa hiyo unachagua nyumba kwa ajili ya mazishi."

"Nachagua kwa ajili ya asubuhi. Nikiamka, kabla sijajua mguu gani unauma, nimeshaanza kutafuta la kumwambia yule Mngoni. Mashine yenu inasema moyo unapanda kabla hajafika. Si unapanda kwa sababu nimepata la kusema!"

"Na mimi je?" Sauti ya Genofeva ilikatika, na hilo nalo likamuudhi. "Siku nikitoka kazini nikakukuta sakafuni, kwenye nyumba ambayo nimeitilia alama ya kidole mimi mwenyewe? Mimi nitakwenda kumwambia nani?"

Bi Leokadia alimegua kipande cha chungwa akakiweka kwenye kiganja cha binti yake, akamkunjia vidole juu yake.

"Utamwambia Gama," alisema. "Atakuchekesha."

*

Genofeva aliingia ofisini peke yake. Malekela aliuona uso wake, akasogeza kiti pembeni bila kuuliza.

"Mpendwa Genofeva," ulisema ukuta, "unaomba kumhamishia mhusika kwenye nyumba isiyosikia. Lazima nikueleze. Akianguka huko, hakuna atakayejua mpaka mtu amkute. Kuna uwezekano mkubwa kwamba ataishi muda mfupi kuliko ambavyo angeishi Utulivu. Muda huo utakuwa umeukata wewe."

"Nimesikia."

"Je, unataka nikueleze tena kwa lugha nyepesi?"

"Nimesikia! Mimi ni fundi, najua maana ya kukata." Alifuta kiganja kwenye sketi, kilikuwa bado na maji ya chungwa. Alifikiri angehisi ujasiri fulani, au amani, kama wanavyohisi watu wanaofanya jambo sahihi. Hakuhisi hivyo. Alihisi hasira kwa mama yake, na kwa Mzee Gama, na kwa mashine hii ambayo haikuwa imedanganya hata mara moja. Alijua kwamba siku moja angekilaani kidole hiki. Akakiweka kwenye kioo cha kutilia sahihi.

"Imepokelewa. Ili kufunga jalada, taja jambo kuu la kaya yenu katika kuchagua makazi."

Genofeva alifikiri kusema upendo, lakini haikuwa kweli hasa. Alifikiri kusema ujirani, likamkaa mdomoni kama neno la mkutano.

"Matusi," alisema.

Malekela aliinamisha kichwa, mabega yakaanza kutikisika kwa kicheko.

"Samahani, mpendwa. Naomba urudie."

"Matusi. Ma, tu, si. Andika hivyo hivyo."

*

Nyumba ya Kivuli ilikuwa na vyumba viwili, sakafu ya saruji na dirisha lililotazama miamba. Genofeva aligonga kila ukuta kwa kifundo cha kidole, na kila ukuta ukanyamaza. Alishapanga moyoni kufunga kengele kutoka kitanda cha mama mpaka chake, kwa waya na vifaa vya pampu. Isingekuwa na akili yoyote, ila ingelia.

Bi Leokadia aliketi kwenye kiti chake mlangoni, kile kile kilichotolewa macho ya urithi, akipumua kwa shida kidogo baada ya kupanda. Kila pumzi yake Genofeva aliisikiliza. Alitambua kwamba kuanzia leo yeye ndiye ukuta.

Mnyororo wa mbwa ulilia nje. Vikuku viwili vilitetemeka kwa pamoja, kwa mara ya mwisho kabla ya kurudishwa ofisini, vikasema kwa sauti moja nyororo:

"Mtu hatari karibu."

Mzee Gama alisimama kizingitini na magodoro yake mgongoni. Alivitazama vikuku, akamtazama Bi Leokadia, na uso wake wote ukafunguka.

"Asante sana," alisema, akaingia. "Mnaona? Hata chuma kina adabu kuliko nyie. Mtu hatari amekaribishwa, amekaribia. Leokadia, mbona umechelewa? Kaburi nilishaanza kukuchimbia, nimefika magotini."

Bi Leokadia alicheka mpaka akashika kifua, na Genofeva akaruka nusu hatua mbele, mikono imetangulia. Mama yake alikuwa anacheka tu. Mzee Gama naye alikuwa ameona, kwa sababu na yeye alikuwa amenyoosha mkono. Walitazamana juu ya kichwa cha bibi huyo, fundi na dereva.

Kisha Genofeva aliona kwamba mzee anasubiri jibu, na anamsubiri yeye.

"Endelea kuchimba," alimwambia, na mdomo ulikuwa mzito kama wa mtu anayejaribu lugha ya watu. "Ila lipime kwa urefu wako. Mngoni haaminiki na vipimo vya mwenzake."

Mzee Gama alitua magodoro chini.

"Leokadia," alisema, "mtoto ana mdomo!"

"Nilikuwa nautunza," alisema Bi Leokadia, akamwambia binti yake amletee mgeni kiti.